Breki ya Mbele ya Mpwa Wangu

Jumanne, tarehe 9 Juni

Bila mimi mtaa huu ungekuwa unatembea kwa miguu. Nasema bila majivuno. Hakuna pikipiki inayopita hapa ambayo sijaisikiliza ngurumo na kuitolea ushauri, hata mwenyewe asipoomba. Enzi zangu niliwahi kutengeneza breki za msafara wa wakubwa huku msafara unatembea.

Leo mpwa wangu, binti wa dada, kaja na kilio. Breki ya mbele ya pikipiki yake haishiki vizuri, na ikishika inalia kama paka aliyekanyagwa. Jumamosi mwenye tanuri la mikate ataikagua. Ikimridhisha, binti anapata kazi ya kusambaza mikate. Isipomridhisha, kuna kijana mwingine anaitolea macho nafasi hiyo hiyo. Anataka kuipeleka kwa fundi wa kona, yule wanayemwita Daktari. Daktari! Hata koti jeupe hana. Nikamwambia binti atulie, mjomba wake yupo. Akanitazama kwa muda mrefu. Heshima hiyo.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Uchunguzi. Kinacholia kina kiu. Bawaba ya mlango ikilia unaipaka mafuta, inanyamaza. Breki ni nani hata ijione tofauti? Nimechukua mafuta ya cherehani ya dada, nikainywesha diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, pamoja na pedi zinazoibana. Nikazungusha tairi. Kimya kama chumba cha mtihani.

Nikapanda, nikajiachia kwenye mteremko wa uani, nikakanyaga. Ikasimama papo hapo. Nikapita kwa Daktari kumwambia kwamba kazi nzuri haina kelele. Akauliza nimefanya nini. Siri za kazi hazitolewi barabarani.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Binti kaijaribu mwenyewe. Anasema kafunga breki. Pikipiki ikaendelea na safari zake hadi kwenye godoro ambalo dada alikuwa kaanika. Binti hana hata mkwaruzo, ila ana maneno. Eti sasa haishiki kabisa, afadhali ilivyokuwa ikilia. Nikamwambia mimi jana ilinishikia vizuri tu, kwa hiyo kasoro ni ya mpandaji.

Hata hivyo nikakagua upya. Nikagundua kikopo kidogo juu ya usukani, kina maji ya rangi ya chai. Maji ya mvua, bila shaka. Kifuniko kimekazwa kwa skrubu, lakini mvua za siku hizi zina ujanja. Nikayamwaga yote. Mengine yakadondokea tangi. Nilipomaliza kula mchana, rangi nyekundu ya tangi ilikuwa imevimba na kubanduka. Rangi za siku hizi hazivumilii hata mvua.

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Dada kaingia chumbani kwangu bila kubisha. Hakupandisha sauti. Bora angepandisha.

"Kaka, mwanangu ana meno yote. Nataka aanze kazi nayo."

Kisha akaisukuma pikipiki mwenyewe hadi kwa Daktari. Nikafuata nyuma kama msimamizi.

Daktari akatoa pedi, akazinusa, akauliza kama hii pikipiki siku hizi inashona nguo. Wateja wake wakacheka. Mimi nikatazama mawingu. Akamweleza dada kwamba pedi zilikuwa zimelika hadi kwenye bati, ndiyo maana ya kelele zile, chuma kilikuwa kinakula chuma. Na sasa zimelewa mafuta, ni za kutupa tu. Akaweka mpya, akasugua diski mpaka ikang'aa. Yale maji ya mvua kumbe ndiyo mafuta ya breki yenyewe. Akajaza mengine, akatoa hewa iliyoingia. Hayo ya mwisho aliyafanya nikiwa nimempa mgongo, kwa hiyo siwezi kuyathibitisha.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Binti aliniomba nibaki nyumbani. Nikaona ni adabu tu, hataki kunisumbua. Nikaenda.

Mwenye tanuri ni mtu wa maneno machache, ana unga mpaka kwenye nyusi. Nikamjulisha kwamba breki zile ni kazi ya mikono yangu na kwamba binti nimemfundisha mimi. Akasema vizuri, panda basi, nionyeshe ya mbele. Nikapanda. Akanisukuma. Nikakanyaga kwa mguu wa kulia, kwa ustadi mkubwa. Ikasimama.

Akainama, akatazama tairi la nyuma. Akanitazama mimi. Akamgeukia binti.

"Huyu ndiye aliyekufundisha?"

Nikaiona kazi inayeyuka. Yule kijana mwingine alikuwa kaegemea ukuta, anatabasamu.

"Hapana, mzee," binti akasema. "Huyu ni mjomba tu."

Akapanda, akaenda hadi kwenye rundo la kuni, akageuka, akaja kwa kasi, akafunga kwa mkono wa kulia. Pua ya pikipiki ikainama kana kwamba inasalimia, tairi likasimama hatua moja kutoka kwenye trei za mikate. Hakuna mlio. Mwenye tanuri akafikicha nyusi, akamwambia Jumatatu aje mapema na asije na mtu.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Nimemsimulia jirani jinsi nilivyompatia mpwa wangu kazi: nilijifanya sijui kitu, makusudi, ili yeye ang'ae. Mbinu ya zamani, wengi hawaiwezi. Jirani kaguna. Kisha kaniambia friji yake inavuja maji kwa chini. Nimemkataza kumwita fundi. Kesho naifungua.

Sasa, kati yangu na karatasi hii. Ukikaa kwenye pikipiki, mguu ndio unaotangulia, na mtu yeyote mwenye akili angejua ya mguu ndiyo ya mbele. Kile chuma kirefu cha kulia kwenye usukani, miaka yote hii, mimi nilidhani ni cha kutundikia mfuko wa sokoni.