Kahawa ya Sheikh Khalfani

Wenzangu, leo nimeaibika, tena nimevaa joho la watu.

Mnajua Sheikh Khalfani, yule tajiri wa Kibokoni, anatafuta msimamizi mkuu wa kuwaamuru makarani wake wote. Nami nimechoka kulala barazani kwa watu. Nikaazima joho la mjomba, nikaenda.

Nikakalishwa kwenye zulia pamoja na wazee wake. Sheikh akaniuliza najua nini. Nikasema najua kusoma (chuoni nilitoroka mapema, ila hakuuliza), Kihindi cha dukani, na bara nimefika na misafara. Akaitikia kwa kichwa. Nikaanza kuiona kazi ni yangu.

Sale, mtumishi wake, akaja na dele la kahawa, lile birika la mdomo mrefu. Nikanywa. Akajaza. Nikanywa. Akajaza tena. Kukataa cha mwenyeji ni utovu wa adabu, hilo nalijua.

Wazee walikuwa wakirudisha vikombe, kila mmoja mkono unatetemeka. Nikawahurumia (uzee si mchezo). Mimi changu nilikinyoosha kwa mkono thabiti, Sheikh aone kijana wa kazi.

Sale akaenda kuleta dele jingine.

“Mashallah,” mzee mmoja akasema. “Kahawa yote hiyo yaingia wapi?”

Sheikh akanieleza kazi yenyewe. “Msimamizi wangu hukaa barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri, mwanangu. Watu wagombane, walie, yeye hainuki. Utaweza?”

“Nitaweza, Sheikh,” nikajibu, mapaja nimeyabana.

Sale akajaza.

Hapo nikainuka mbio. Nikakanyaga pindo la joho, nikamwangukia Sale, dele likatumwagikia sote wawili.

“Choo ki wapi?” Ndilo neno langu la mwisho katika usimamizi mkuu.

Nilipotoka, nikamkuta Sale anakamua kanzu yake. “Yakhe, si ungekitikisa kikombe tu? Ndiyo ishara kwamba umetosheka. Mkono waniuma.”

“Mbona ya njiani haitikiswi?”

“Ya njiani wanunua. Hapa sikomi mpaka unikomeshe.”

Sheikh alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniaga kwa upole. “Mwanangu, kikombe kimekushinda kukizuia. Makarani wangu utawaweza?”

Basi chekeni mmalize. Mimi nina joho lenye kahawa tangu kifuani hadi pindoni, na sina budi kulirudisha kwa mjomba jioni hii. Na nitakachokaribishwa huko mnakijua: kahawa.