Kijiko cha Kufunga Njaa

Kitshanga, Jumatatu, 6 Oktoba 2008

Barabara ya Goma imefungwa tena. Daktari Emérita amekwama hapa na vichupa vyake. Friji ya kituo cha afya ni moja, na ufunguo ninao mimi, Jules! Anachunguza kwa nini wakimbizi wengine kambini hawatamani tena kula. Ameeleza kwamba mwilini kuna mlango ambao njaa huugonga, na vichupa vina kingamwili zinazonata kwenye mlango huo tu. Sikuuliza zaidi. Kinachonata mlangoni kinaufunga.

Jumatano, 8 Oktoba

Jumamosi naenda Kashuga kumposa Léontine. Naogopa. Ulaji wangu unajulikana hadi Mweso. Eugène wa pikipiki, anayemtaka pia, ameshatangulia. Anajisifu kwamba alikula matonge mawili tu, akanawa. Wakwe, asema, hawataki mlafi. Matonge mawili! Hayo mimi namwachia paka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefungua friji. Nimemeza kijiko kimoja cha kichupani. Ladha ya chumvi. Sayansi tupu! Ili dawa isisumbuliwe, sitakula chochote mpaka Kashuga.

Jumamosi, 11 Oktoba

Maafa. Mama Victorine, mama yake Léontine, alileta fufu, maharage na sombe, yale majani ya muhogo. Tonge la kwanza nililila kwa adabu. Ya baadaye siyakumbuki vizuri. Nilipoinua macho, sufuria ilikuwa tupu na Papa Athanase, mumewe, alikuwa amelishika tonge lake kwa mikono miwili. Basi, nimemkosa Léontine.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeungama kwa Daktari. Amekagua: kingamwili zote zipo. Nilikunywa maji ya chumvi ya kuoshea vioo vya hadubini! Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema hata ningezinywa zenyewe, tumbo lingezisaga kama maharage. Tena hazifungi mlango wowote, zinamwonyesha tu mahali ulipo. Angesema mapema.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama Victorine yuko sokoni! Nilijificha nyuma ya ng'ombe. Akanipata.

"Tangu vita ianze, muntu akikula kwangu, jicho iko kwa njia ya kukimbilia," akasema. "Wewe ulikula sawa vile vita ilishaisha. Wewe njo mukwe wangu."

Nililia palepale, ng'ombe ananitazama. Léontine ni wangu!

Jioni nimetafakari. Kama maji ya kuoshea vioo tu yamenipatia mke, vichupa vyenyewe vitanifikisha wapi? Harusi ni Desemba. Ufunguo bado ninao.