Sugu ya Kidole Kidogo

Jumatatu, 7 Juni 1971

Dunia haina haki! Nusu ya Kisumu inatembea peku na vidole vyao ni vizima. Mimi Zacchaeus Obiero, karani wa ofisi ya pamba, mwenye jozi mbili za viatu vya ngozi, ndiye niliyeota sugu. Iko juu ya kidole kidogo cha mguu wa kulia. Ngumu kama punje ya mahindi makavu. Nikiigusa naona nyota.

Viatu havina kosa. Ni vyeusi, vya ncha, vinang'aa. Vinabana kidogo. Kitu kizuri hubana.

Jumamosi naenda Luanda Kotieno kwa Mzee Ochieng kumwomba binti yake, Lornah. Mzee huyu anajulikana. Haulizi mshahara wala cheo. Humtembeza mchumba: shambani, ufuoni, kilimani. Anayechechemea haonjeshwi chai! Na Simiyu, mtunza stoo wetu, ametangaza kwamba yeye ataenda Jumapili. Miguu yake mipana kama makasia. Anavaa akala za tairi ofisini na hakuna anayemkemea.

Lornah mwenyewe ni nesi hapa mjini. Asijue neno. Nesi gani atataka kurudi nyumbani akute mgonjwa mwingine?

Jumanne, 8 Juni

Mama Wahu, anayeuza viazi mbele ya mlango wangu, ameniambia kwao Nyeri hupaka utomvu wa papai bichi. Tone moja, juu ya sugu tu, kila siku kwa wiki mbili. Nikapiga hesabu. Kama tone moja ni wiki mbili, nusu kikombe ni siku moja. Nikachovya kidole chote.

Jioni kidole kimekuwa chekundu kama pilipili. Kinawasha. Sugu iko pale pale, haijali! Mama Wahu anasema alisema tone moja. Muuza viazi kunifundisha mimi hesabu!

Jumatano, 9 Juni

Nimenunua wembe mpya. Kazi ya dakika mbili, nilidhani. Nilikata sugu kidogo na kidole sana. Damu! Nimefunga kwa leso yangu nzuri.

Ofisini Simiyu aliniuliza mbele ya watu wote mbona natembea kama bata. Nikasema niliumia kwenye mpira. Akauliza timu gani. Nikamwambia akahesabu magunia yake.

Lakini nimepata akili. Nimempa zawadi ile jozi yangu ya kahawia, nyembamba kuliko hii nyeusi. Nimemwambia Mzee Ochieng anapenda viatu vya heshima. Avae hadi Jumapili. Tutachechemea wote!

Ijumaa, 11 Juni

Simiyu ni mtu asiye na shukrani. Amepeleka viatu vyangu kwa fundi, vikapasuliwa ubavuni na kukatwa mbele. Vidole vyake vyote kumi viko nje vinapunga hewa. Amenishukuru mbele ya meneja. Watu wakapiga makofi!

Kidole changu kimevimba. Mchana nikaenda zahanati, saa ambayo Lornah hayuko. Alikuwa amebadilishana zamu. Hakuniambia! Aliniangalia, akaangalia mguu, akasema neno moja: "Vua."

Aliposikia habari za wembe alikasirika kama mimi ndiye niliyeuvumbua. Alisema watu wamepoteza vidole kwa wembe. Akasafisha kidonda, akapaka dawa. Akasema kikipona, niloweke mguu katika maji ya uvuguvugu kila jioni, nisugue sugu polepole kwa jiwe la miguu, nipake mafuta. Akakata kitambaa kinene, akatoboa tundu katikati, akakizungusha kwenye sugu ili isiguswe na kitu.

Kisha akanishushia heshima. Aliuweka mguu wangu juu ya karatasi, akauchora kwa kalamu. Akaweka kiatu juu ya mchoro. Mguu ulimwagika pande zote mbili! Akasema sugu hii ameileta fundi viatu, siyo Mungu. Nikamjibu imeletwa na mawe ya barabara ya Mamboleo. Akasema kesho niende kwa baba yake na ndara.

Ndara! Kuomba mke na ndara!

Jumamosi, 12 Juni

Nilivaa vyeusi. Kile kitambaa hakikuingia, nikakitoa.

Mzee alinipokea vizuri, akaniambia twende tunyooshe miguu. Shambani nilivumilia. Ufuoni, kati ya dagaa wa omena walioanikwa, nilitabasamu kwa meno yote. Nusu ya kilima nilikaa chini bila kuamua. Machozi yalitoka. Nilisema ni jasho.

Mzee akaninyang'anya kiatu, akatazama kidole. Akauliza binti yake alisemaje. Uongo ulikataa kuja. Nikasema alinikataza viatu hivi, nami nikavivaa kwa sababu sikutaka nionekane mtu wa ndara mbele yake.

Mzee akavua buti lake la mpira. Sugu mbili, kubwa kuliko yangu! Miaka ishirini anazificha, na mtoto wake ni nesi.

"Wuoda, mwanangu," akasema, "mtu wa kuumia hivi na bado anapanda, ana mapenzi au ana wazimu. Lornah ataamua ni kipi."

Tulishuka peku, tumeshikana mikono. Nilikunywa chai vikombe vitatu.

Jumatatu, 14 Juni

Jana Simiyu alitembea kilima chote, akarudi anaimba. Lornah amemkataa! Mimi amenikubali. Ila kwa masharti: ndara wiki mbili, maji ya uvuguvugu kila jioni, na baba yake aletwe zahanati. Mwanamume kuposa kwa beseni! Nimekubali, lakini kwa hasira.

Jumamosi, 3 Julai

Sugu imekwisha. Ngozi laini kama ya mtoto. Harusi ni Agosti.

Leo nimepata viatu vya harusi. Vyeupe, visigino virefu, ncha kama sindano! Nimemnunulia na Mzee jozi hiyo hiyo, maana miguu yake sasa imepona na ni aibu kuifungia kwenye mpira. Alijaribu kulalamika. Nikamwambia ngozi hulegea. Lornah hatujamwambia, asije akaharibu furaha ya watu.

Nimevijaribu mara tatu. Vidole vinne vinaingia vizuri. Cha tano kitazoea.