Bibi Mpole na Kura Zangu Nne

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepanga makala zote za mbinu za kura za uwiano kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile anayoandika kila mwenye vidole. Saa moja tu, kazi safi. Kura Inayohamishika nimeiweka fungu la Uchukuzi. Orodha Funge, Kufuli na Vitasa. Mabaki Makubwa, Mapishi. Shule niliacha kidato cha pili, lakini kichwa kinachaji. Dada, mwenye duka la fotokopi na kompyuta ninayotumia, kauliza kama nimesoma hata mstari mmoja. Nikamwambia mwenye akili anatosheka na kichwa cha makala.

Jumanne, 4 Machi
Mhariri mmoja humo, anayejiita Mkutubi, kavuruga kila kitu. Mama huyo mstaafu karudisha makala zote zilikotoka, kisha kaniandikia mbele za watu: mwanangu, mabaki hayo ni ya kura baada ya kugawana viti, si ya chakula cha jana. Wamecheka ukurasa mzima. Jumamosi tunachagua wasimamizi wawili, na baada ya hapo hao tu ndio watakaopanga makala. Nikikosa, basi tena. Sikosi.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango tayari. Nimefungua akaunti nne za watu wasiokuwepo. Watatu wananipigia kura. Wa nne, Bibi Mpole, anagombea: awanyang'anye mashabiki wa Mkutubi, ashike mkia, atolewe. Anayetolewa, kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la mpigaji. Yaani mimi. Ili wasishtuke, Bibi Mpole anajulia hali wagonjwa na kusahihisha nukta za watu kimyakimya. Mimi na wangu watatu tutamwandika yeye nafasi ya pili, ili nisionekane mchoyo. Nani anaangalia nafasi ya pili?

Jumamosi, 8 Machi
Mkutubi, sita. Bibi Mpole, tano. Mimi nne, zote za mkono wangu. Nikatolewa. Kura zangu zikafungasha virago, zikahamia kwa Bibi Mpole. Kaibuka na tisa, kampita hata Mkutubi. Dada kacheka mpaka karatasi zikakwama kwenye mashine. Eti we mdogo wangu, umebwagwa na bibi uliyemzaa juzi.

Jumapili, 9 Machi
Mkutubi kamwandikia Bibi Mpole: dada yangu, kazi ya kwanza tumfungie akaunti yule kijana, umweleze wewe mwenye maneno laini. Nikigoma, watauliza bibi anamteteaje mtundu yule, na siri itafumuka. Nimetunga dakika arobaini. Mwanangu, pumzika mwezi mmoja, bado tunakupenda. Barua nzuri, hata nikaguswa. Nikabonyeza, nikajifungia.

Bibi huyu kanizoea vibaya. Saa nane mchana nimefungua akaunti ya mpinzani wake, Babu Mkali, aje amng'oe. Kufika jioni watu watatu washamsifu, na mmoja anamtaka agombee.

Simpendi kabisa huyu mzee.