Kundi la Chumba cha Kufulia

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanzisha kundi la simu la chumba chetu cha kufulia hapa hospitali. Watu kumi na tisa, nimewaingiza kwa mkupuo bila kumuuliza mtu. Nyuma ya maandishi nimeweka rangi ya kijani, ivutie. Meneja amesema likichangamka hadi Ijumaa, atanifikiria kwa cheo cha msimamizi wa zamu. Msimamizi! Mpinzani wangu ni mpiga pasi, mama wa maneno machache. Hajui hata kutuma picha. Nimemhurumia kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Nimetuma maua kumi na mawili ya kuwatakia asubuhi njema. Kimya. Nikatangaza shindano la mchangiaji bora. Kimya kizito. Nikajitangaza mshindi, nikajipongeza. Mtu mmoja akajitoa. Mke wangu kauliza hao watu wanaandikiana ili iweje. Nikamwambia mambo ya uongozi hayajui. Kacheka hadi akakaa chini.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Mashine kubwa imekufa ikiwa imejaa shuka na maji. Chumba cha upasuaji kimebakiwa na shuka safi mbili tu, na kuna mjamzito wa kupasuliwa saa nane mchana. Nikakaa kuandaa tangazo zuri, lenye fremu. Mpiga pasi akanitangulia! Kaandika bila salamu wala ua: shuka ni mbili, mjamzito anasubiri, tufanyeje.

Simu zikaanza kulia kila kona. Dereva akasema anafuata shuka za akiba kliniki. Fundi aliye likizo akasema yuko njiani. Yule aliyejitoa jana akapata habari, akaomba arudishwe, aje kukamua kwa mikono. Nikawakumbusha kanuni ya kuanza na salamu. Hakuna aliyejali. Basi nikakunja mikono ya shati, nikakamua nao. Saa saba na nusu shuka zikapelekwa, bado zina joto la pasi. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima! Nimelia. Nimewaambia ni sabuni.

Ijumaa, 8 Machi

Mpiga pasi ndiye msimamizi. Kaniomba niwe msaidizi wake, na nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Kundi halilali: wanabadilishana zamu, wanaulizia mito iliyopotea. Meneja kamuuliza siri ni nini. Kajibu kwamba kila mtu alitaka yule mjamzito apate shuka. Maskini, hajui teknolojia. Nimemvuta meneja pembeni nikamweleza ukweli: ni ile rangi ya kijani niliyoweka nyuma ya maandishi. Kesho naweka zambarau. Watachangamka maradufu!