Maman Furaha na Safari Yetu ya Kaskazini

Jamani, leo nimeadhirika. Nawaandikia kutoka duka la intaneti, nimevuta kofia mpaka machoni, maana Waswahili wote wa Brussels sasa wananijua.

Mnajua kwamba mimi, Juma na Dédé tumekodi mobilhome, lile gari lenye vitanda, jiko na choo, twende kaskazini mwa Norwe mpaka ardhi iishe. Ilikuwa tuondoke saa mbili asubuhi. Saa tano bado tulikuwa mtaa wa Forest, hapa hapa Brussels, nje ya nyumba ya kina Furaha, mchumba wangu. Nani kwetu anasafiri bila kusindikizwa? Mtaa mzima ulikuja. Kila mtu na kifurushi (eti kaskazini hakuna chakula), na kila mtu lazima apande akague gari. Mama yake Furaha, ambaye tangu alfajiri alikuwa akisafisha ofisi za watu, alipanda naye, akabonyeza godoro, akasema, "Kitanda ni muzuri."

Wakati wa kuagana sikumwona. Nikajua amekwenda kulala, nikamshukuru Mungu! Tukirudi safari, mjomba wangu anapeleka posa, na mama huyu hajasema ndiyo wala hapana. Kila nikienda kwake ananitazama kama samaki wa juzi.

Tukaondoka. Hatujafika mbali, foleni. Dédé akachoka kukaa, akasema, "Elias, fanya Maman Furaha! Mwigize!"

(Hapa ndipo mwenye akili angekataa.)

Nikajifunga kitenge kilichofunika kifurushi cha unga. Nikashika upawa, ukawa simu. Mama huyu akipiga simu kwao Bukavu hupaza sauti kana kwamba waya imeishia njiani. "ALLÔ! ALLÔ! Ni miye! Muko bazima? Furaha? Anataka kuolewa na ule Elias! Ndiyo, ule mwembamba! Bon, tutamulisha!" Nikatembea mwendo wake, mbele ikienda Forest, nyuma ikienda mtaa wa pili, Anderlecht. Dédé alicheka mpaka akalia. Sifa zikanipanda kichwani. Nikaongeza na kicheko chake, kile cha kuku anayekimbizwa.

Juma, aliyekuwa akiendesha, akainua macho ghafla. Pazia la kitanda kilicho juu ya kichwa chake lilikuwa limefunguka.

"Endelea," sauti ikatoka juu.

Upawa ukanidondoka.

"Maman, mimi..."

"Non, non, endelea. Lakini miye sichekake hivyo." Akateremka polepole, mto umemchora shavuni, akaketi. "Juma, mutoto wangu, geuza gari."

Juma akageuza. Kitenge bado kiko kiunoni, sikuthubutu hata kukifungua. Niliogopa, jamani, siwafichi. Nilikuwa nikimwona Furaha anaolewa na mtu mwingine, mnene.

Nikaomba tukute mtaa mtupu. Wapi! Watu wetu wakishakusindikiza hawaendi kwao, wanabaki kupiga soga. Wote walikuwa palepale. Maman akashuka, akapiga makofi.

"Mukuje! Elias iko na kitu ya kutuonyesha."

"Maman, nakuomba msamaha..."

"Ulifanyia marafiki. Alors, fanyia na famille."

Nikafanya. Ndugu zangu, nilifanya, kando ya barabara, mchana kweupe! Nikaanza kwa sauti ya mgonjwa. "Nguvu!" akasema. "Miye nasemaka na nguvu!" Nikapiga ALLÔ mpaka dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka, Mbelgiji mmoja akatoa kichwa. Akina mama walishikana mabega wasianguke. Furaha (mchumba wangu mwenyewe!) alikaa chini kwa kucheka. Baba yake, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, alifuta machozi: "Ni yeye! Ni yeye kabisa!"

Maman akainua mkono.

"Posa, mulete. Nimekubali," akasema. "Lakini siku hiyo utafanya tena, mbele ya bajomba yako."

Kwa hiyo nimepata mke na aibu kwa mkupuo mmoja. Mjomba wangu ni mzee wa kanisa. Mbele yake hata kukohoa naomba ruhusa.

Tunaondoka kesho, na safari hii tutafungua kila pazia kwanza. Msinicheke, tafadhali. Nasikia kule kaskazini, majira haya, jua halizami kabisa. Sasa mtu mwenye aibu atajificha wapi?