Mkasi wa Tetemeko

Jumanne, 9 Juni

Ardhi imetikisika. Naandika tena, maana mwenyewe bado siamini: ardhi! Hii hii tunayoikanyaga, tunayoifagia, tunayoitemea mate bila hata kuiomba radhi.

Ilikuwa asubuhi, duka limechangamka. Nilikuwa nimemfikisha Mwalimu Mkuu katikati ya kichwa, upande wa kulia umekwisha, wa kushoto bado. Kwanza chupa za spiriti zikaanza kugongana rafuni. Nikadhani ni lori la kokoto. Halafu kiti kikasogea na Mwalimu Mkuu juu yake, kikaniacha na wembe hewani. Ukaja mngurumo, si wa juu kama radi, wa chini, unapandia miguuni. Nimekuwa kinyozi tangu ujana wangu, mkono wangu haujawahi kutetemeka. Leo umetetemeka pamoja na nyumba.

Tukajikuta barabarani sote. Mke wangu na mwiko mkononi. Mwalimu Mkuu na shuka shingoni, nusu kipara. Mashine, yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara ambaye hatujasalimiana naye tangu anunue hiyo mashine yake ya umeme, akanishika mkono. Nami nikamshika. Hakuna aliyecheka. Hata mbwa walinyamaza. Nyaya za umeme tu ndizo zilizokuwa bado zinabembea, taratibu, bila upepo. Niliogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya kuogopa nilistaajabu. Sijawahi kujiona mdogo namna ile, na nilipowatazama wenzangu, wote walikuwa wadogo.

Nyumba zimesimama. Nyufa hapa na pale, vigae vichache chini. Hakuna aliyeumia. Baba alitoka chumbani kwake amebeba kiti chake, akakiweka uani, mbali na kuta zote, akaketi. Amesema harudi tena chini ya paa.

Jumatano, 10 Juni

Baba kalala nje. Kiti kile kile, mablanketi mawili, na baridi hii! Ameamka akikohoa. Mke wangu kamwita nesi wa jirani. Nesi kasema kifua cha mzee hakitaki mchezo, akiendelea kulala nje tutakuja kujuta. Baba kamsikiliza kwa adabu zote, kamshukuru, hakusogea.

Nimembembeleza hadi mate yamekauka. Kasema ameikanyaga ardhi maisha yake yote na hakujua kumbe ndiyo iliyokuwa imembeba. Hana ugomvi nayo. Anataka tu kuliona tetemeko likija. Akaniuliza kama naweza kumhakikishia halitarudi. Nikababaika. Mimi kinyozi, nitajuaje?

Mawazo yangu bora hunijia nikibabaika. Nimechukua mkasi mkubwa, nimeufunga uzi, nimeuning'iniza darini katikati ya duka. Nikamwambia Baba ni kipimo. Ardhi ikitaka kutikisika, nikasema, chuma hujua kabla ya watu. Mkasi utaanza kubembea, nawe utatoka zako bila haraka. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Baba kautazama muda mrefu. Kauliza nani kanifundisha. Nikasema wataalamu. Mke wangu kanipa lile jicho lake. Lakini mzee kakubali! Kwa sharti moja: kitanda chake kihamie humo humo dukani, aweze kuuona mkasi akiwa amelala. Kimewekwa kati ya benchi la wateja na ukuta wenye kioo kikubwa. Pamebana kidogo, ila pana heshima yake.

Alhamisi, 11 Juni

Duka limefurika! Habari zimeenea mtaa mzima. Wanaingia wakinong'ona, wanavua kofia mlangoni. Muuza mkaa amekaa asubuhi nzima bila kupepesa macho. Baba anawapokea kutoka kitandani, anawaeleza jinsi chuma kinavyojua. Anaeleza vizuri kuliko mimi.

Nami nilitazama pamoja nao. Kitu kinaning'inia, kimetulia, watu wote wamenyamaza wakikisubiri kiseme. Unaanza kuamini. Nilijikuta nimeshusha sauti, mimi mwenyewe niliyefunga uzi!

Na wakishafika, wananyolewa. Mashine kaliona hilo. Jioni kaning'iniza pasi ya mkaa mlangoni pake. Pasi! Mtu hana haya.

Tatizo ni moja tu, malori ya kokoto. Kila likipita, mkasi unabembea na wateja wanatimua mbio na shuka zangu. Mtaa umejaa watu walionyolewa nusu, na wanakwenda kumaliziwa kwa Mashine. Baba naye, kila upepo ukipenya mlangoni, anainuka, anabeba kiti, anatoka. Usiku kucha hakulala.

Ijumaa, 12 Juni

Nimelitatua. Nimetoa uzi, nimeweka waya mgumu. Waya wenyewe nimeupaka kiwi nyeusi ya viatu ufanane na uzi. Sasa lori lipite, upepo uvume, mkasi kimya, kana kwamba umepigiliwa. Umepigiliwa.

Baba kalala fofofo. Kikohozi kinalegea. Wateja wanakaa hadi mwisho wa kichwa. Mke wangu kauliza, je, tetemeko likija kweli? Nikamwambia limeshakuja. Kwa nini lisumbuke kuja tena?

Jumamosi, 13 Juni

Mwandiko huu sijui kama nitausoma kesho.

Limerudi. Mchana kweupe, duka limejaa. Lilikuja kwa kishindo, kisha mtikisiko. Wote tuliruka nje, mimi mbele, sijisifu. Barabarani nikatafuta watu wangu. Mke yupo. Wateja wapo. Baba hayupo.

Nikachungulia. Baba ameketi kitandani, mikono mapajani, macho kwenye mkasi. Chupa zinaanguka. Kioo kinacheza ukutani. Lipu inamomonyoka, inamwangukia mabegani. Na katikati ya yote hayo mkasi umetulia tuli. Dunia nzima inatikisika isipokuwa uongo wangu.

Nikapiga kelele atoke. Akanijibu polepole, kama anayemtuliza mtoto.

"Silo hilo, mwanangu. Mkasi haujasogea."

Sijui nilifikaje ndani. Miguu ilitaka kwenda kwingine, niliikokota. Nikamkamata makwapani. Akawa mzito, anabishana, ananionyesha mkasi kwa kidole. Mtu mwingine akamshika miguu. Mashine, kavuka barabara mbio! Tukamtoa kama godoro. Nyuma yetu kioo kikashuka chote, kikaangukia kitandani, pale pale alipokuwa ameketi.

Kisha ule ukimya tena. Vumbi lilitoka mlangoni bila haraka. Nilikaa chini, nikaweka kiganja ardhini. Ilikuwa na joto la jua, imetulia, kana kwamba haikufanya kitu. Kitu kikubwa namna ile, na hakitujui hata majina! Nililia. Mashine alinipa kitambaa chake cha kufutia wembe, nami nikakipokea.

Baba hana hata mkwaruzo. Aliuliza jambo moja tu, mbona mkasi haukusogea. Mke wangu akanitazama. Mashine akanitazama. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa imesimama mbele yangu, mlango wazi.

Nikasema huenda mkasi ulipigwa na butwaa.

Jumapili, 14 Juni

Mimi shujaa. Baba anawasimulia wote wanaopita kwamba mwanawe aliingia kwenye nyumba inayoanguka. Watu wananipisha njia. Mashine naye anasimulia yake, kwamba yeye ndiye aliyebeba sehemu nzito. Miguu!

Mkasi nao umepata sifa mpya. Kwa kuwa ulitulia wakati kila kitu kinayumba, mtaa umekata shauri kwamba kutulia ndiyo dalili yenyewe. Ukiona mkasi umetulia, kimbia. Leo umetulia tangu asubuhi. Hakuna mteja aliyethubutu kuingia. Wote wako kwa Mashine, chini ya pasi, inayobembea vizuri sana.

Jumatatu, 15 Juni

Baba kalala uani tena. Kikohozi kimerudi, kizito, kinamkunja. Nesi safari hii hakumwangalia mzee. Aliniangalia mimi.

Asubuhi Baba akaniita kando ya kiti chake. Kasema hataki mkasi tena, hataki wataalamu.

"Niambie wewe, mwanangu. Nilale ndani au nje? Utakalosema ndilo nitakalofanya. Na kama hujui, sema hujui. Tutakaa wote wawili hatujui."

Maisha yangu yote yeye ndiye aliyekuwa akijua, na sasa amenishika mkono kama alivyonishika Mashine siku ile barabarani. Mkono wenyewe mwepesi, hauna uzito wowote. Nilimpenda hadi nikaumia. Nilitaka kumjibu kwa haki, neno moja la kweli, basi. Nikafungua mdomo.

Hapo hapo wazo likaja.

Maji! Nani anaweza kuyafunga waya? Nimekwenda sokoni mbio, nimenunua beseni la bati, kubwa kuliko yote, nimelijaza hadi ukingoni. Kabla ya kuondoka nilimweleza Baba habari za maji na mawimbi. Aliachia mkono wangu, akasema sawa. Sasa amelala ndani, chumbani kwake, blanketi hadi kidevuni, macho juu. Beseni nimelipandisha juu ya kabati, moja kwa moja juu ya kichwa chake. Likicheza kidogo tu, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua.